Skuta Kuukuu ya Mipigo Miwili Eldoret: Anza na Breki, Malizia na Mwendo

Ukinunua skuta iliyotumika ya injini ya mipigo miwili, ile ya kuchanganya petroli na oili, ushauri wa kwanza utakaopewa kwenye steji ni wa mwendo. Weka silinda kubwa. Kata ekzosi. Ng'oa chujio la hewa. Mwongozo huu haukubaliani na lolote kati ya hayo. Mara nyingi skuta ndogo inayochoka kwenye milima ya hapa Eldoret haina shida ya silinda. Mji huu uko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na kabureta ya skuta yako huenda bado imepimwa kwa hewa nzito ya pwani, au ya Italia na Japani ilikoundwa. Ukiirekebisha ipumue hewa ya hapa, utapata nguvu uliyokwisha kuilipia. Ila kabla ya kuiongezea mwendo, hakikisha inaweza kusimama.

Maelezo haya yanafaa Vespa ya gia za mkononi, skuta za mkanda za cc 50 mfano wa Yamaha Jog, na pikipiki nyepesi kama Yamaha Mate. Usiyatumie kwa Boxer au TVS za boda za siku hizi. Hizo ni za mipigo minne na oili yake hukaa ndani ya injini. Mafundi wengi mjini wamezizoea hizo, kwa hivyo unapompelekea fundi skuta yako mwambie mapema kwamba hii ni ya kuchanganya oili.

VIFAA VYA KUWA NAVYO
- Spana namba 8, 10, 11, 13 na 14, pamoja na spana ya plagi
- Bisibisi bapa na ya nyota zinazokaa sawasawa kwenye skrubu za kabureta
- Sirinji ya ml 50 au 60 kutoka duka la dawa, ya kupimia oili
- Kipimo cha pengo la plagi
- Brashi ya waya, matambara, na chupa safi ya kumwagia petroli
- Kipimo cha upepo wa tairi

Kwanza ipime injini

Katika injini ya mipigo miwili, chumba cha kranki kilicho chini ya pistoni hufanya kazi ya pampu: kinavuta hewa, petroli na oili kutoka kwenye kabureta na kuvisukuma juu kwenye silinda. Chumba hicho lazima kizibe kabisa. Sili za kranki zikizeeka, hewa huingia pasipotakiwa. Hewa inakuwa nyingi kuliko petroli, injini inapata joto kupita kiasi, na siku moja pistoni inashika ukiwa katikati ya barabara. Spea yoyote ya kuongeza nguvu utakayoifunga kwenye injini ya namna hiyo itaiua haraka zaidi.

1. Injini ikiwa baridi, kanyaga kiki polepole. Inapaswa kukataa kidogo kabla ya kuzunguka. Ikishuka tu bila kukataa, ringi au silinda imelika.

2. Washa, uiache ipate moto kwa dakika tano. Piga resi fupi uachie. Mlio unapaswa kushuka papo hapo. Ukibaki juu kwa muda kabla ya kushuka, kuna hewa inayoingia mahali.

3. Injini ikinguruma taratibu, pulizia maji ya sabuni kwenye maungio: chini ya silinda, na pale kabureta inapofungwa. Mapovu yakitokea au mlio ukibadilika, umepata penye tundu.

4. Kwa Vespa, angalia oili ya gia. Ikiwa inapungua bila kuvuja nje, na moshi mweupe hauishi hata injini ikiwa moto, sili ya upande wa klachi imekwisha na injini inakunywa oili ya gia.

Tahadhari: kuna wanaopulizia petroli badala ya maji ya sabuni. Usifanye hivyo. Injini ni moto na cheche iko karibu.

Skuta ikifeli hatua yoyote hapo juu, pesa zako zote ziende huko kwanza. Sili zenyewe ni bei ndogo. Gharama iko kwenye kuifungua injini. Ndiyo maana ikishafunguliwa inafaa kubadilisha sili zote mbili pamoja na beringi za kranki kwa mkupuo mmoja.

Breki na tairi

Skuta nyingi za zamani zina breki za drami mbele na nyuma, zinazovutwa kwa waya. Zikitunzwa zinatosha kabisa kwa mwendo wa skuta. Tatizo la kawaida si breki shuu kuisha. Ni waya uliojaa kutu ndani ya mpira wake, na kamu ya breki iliyokauka. Unavuta kwa nguvu zako zote, na nusu ya nguvu hiyo inaishia kwenye kutu.

1. Badilisha waya na mpira wake wa nje kwa pamoja. Waya mpya ndani ya mpira wa zamani ni kazi bure.

2. Kabla ya kuufunga, ning'iniza waya wima na udondoshee oili nyepesi juu mpaka itokee chini.

3. Fungua gurudumu, ondoa vumbi la breki kwa kitambaa chenye maji. Usilipulize kwa mdomo: shuu za zamani huenda zina asbesto.

4. Paka kamu grisi kidogo sana. Grisi ikifika kwenye shuu, shuu hiyo ni ya kutupa.

5. Kaza waya mpaka gurudumu liguse kidogo, kisha legeza mpaka lizunguke huru. Mkono wa breki usifike kwenye usukani hata ukiuvuta kwa nguvu.

Kwenye tairi, tazama herufi DOT zilizochapishwa ubavuni. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya skuta iliyokaa dukani muda mrefu hukauka na kupasuka ubavuni hata kama maua yake bado ni mapya. Vespa ya tairi za inchi 10 inahitaji upepo wa takriban psi 18 mbele, 25 nyuma ukiwa peke yako, na 36 nyuma ukibeba mtu. Wengi hujaza sawa mbele na nyuma, kisha wanashangaa skuta ikiteleza kwenye tope la Langas au Kimumu msimu wa mvua. Kwa skuta nyingine, fuata kibandiko cha kiwandani.

Oili: pima kwa sirinji

Makosa mengi yanayoua skuta hizi yanatokea kwenye kituo cha petroli. Mtu anaagiza petroli, anamimina oili "kidogo" kutoka kwenye chupa, anaitikisa skuta mara mbili na kuondoka. Injini ya mipigo miwili haina oili nyingine ya kulainisha pistoni na kranki ila hiyo inayoingia pamoja na petroli.

Nunua oili ya 2T yenye alama ya JASO FC au FD. FB ni ya kiwango cha chini na huacha masizi mengi zaidi. Usitumie oili ya gari wala ya Boxer. Hiyo haikuundwa kuungua, itajaza masizi kwenye plagi na ekzosi.

OILI KWA KILA LITA 5 ZA PETROLI
- Uwiano 1:50 (asilimia 2): ml 100
- Uwiano 1:40: ml 125
- Uwiano 1:30: ml 167
- Uwiano 1:25: ml 200
- Uwiano 1:20 (asilimia 5): ml 250

Uwiano sahihi umo kwenye kitabu cha skuta, na mara nyingi umeandikwa karibu na mdomo wa tanki. Vespa za familia ya PX hutumia asilimia 2. Baadhi ya Vespa za zamani zaidi zilihitaji asilimia 5. Oili ianze, petroli ifuate, ili nguvu ya petroli iichanganye.

Kosa la kawaida ni kuzidisha oili kwa kudhani ndiyo usalama. Fikiria kinachopita kwenye tundu la kabureta: kiasi ni kilekile, na oili ikizidi, petroli inapungua. Injini inapata petroli kidogo kwa hewa ileile, na joto linapanda. Umeongeza oili ili kuiokoa injini, na umeisogeza karibu na kushika.

Skuta yenye tanki la oili la pekee ina pampu inayochanganya yenyewe, mfumo ambao Yamaha iliuanzisha mwaka 1964 kwa jina la Autolube. Ukiinunua, usiiamini pampu mpaka uione ikifanya kazi. Weka mchanganyiko wa 1:50 kwenye tanki la petroli kwa tanki la kwanza, weka alama ya kalamu kwenye kiwango cha oili, uendeshe. Oili isiposhuka, pampu imekufa au ina hewa kwenye mpira wake, na umeokoa injini kwa shilingi chache za oili ya ziada.

Kabureta na urefu wa mji

Hapa ndipo faida kubwa ilipo kwa mwenye skuta wa Eldoret, na ndipo wengi hawagusi.

Unapopanda juu, hewa inapungua uzito. Kwa mita 2,100 hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko ya Mombasa, na injini isiyo na kompresa hupoteza nguvu kwa kiasi hichohicho. Skuta ya nguvu farasi tano huku inabaki na nne hivi. Hilo huwezi kulirudisha. Unachoweza kurudisha ni hasara ya pili: kabureta iliyopimwa kwa hewa nzito inaendelea kumwaga petroli nyingi kwenye hewa nyepesi. Plagi inalowa, moshi unakuwa mweusi, petroli inaisha haraka, na skuta inakohoa ukifungua resi yote.

Dalili ya petroli kuzidi ni rahisi kuitambua. Fungua resi yote kwenye barabara ya tambarare. Ikiwa injini inakatakata, kisha inapata nguvu unapopunguza resi kidogo, petroli imezidi. Ikiwa inakosa nguvu na kupata joto, kisha inaendelea vizuri zaidi ukivuta choki kidogo, petroli imepungua. Hiyo ya pili ni ya hatari. Simama na urekebishe.

Kinachoamua kiasi cha petroli kwa resi kubwa ni jeti kuu, skrubu ndogo ya shaba yenye tundu, iliyo ndani ya kabureta na yenye namba juu yake. Zipo namba za aina mbili. Kwa Dell'Orto, ambayo Vespa nyingi hutumia, namba ni upana wa tundu kwa sehemu za mia za milimita: 100 ni milimita 1.00. Kwa jeti nyingi za Mikuni za vichwa vya pembe sita, namba inafuata kiasi cha petroli kinachopita. Kwa hivyo jeti ya 100 ya Dell'Orto na ya 100 ya Mikuni si kitu kimoja. Usikubali kuuziwa moja badala ya nyingine.

Kwa hewa ya Eldoret, petroli inahitaji kupungua kwa takriban asilimia 10 kutoka kipimo cha usawa wa bahari. Kwa namba za upana, hiyo ni kushuka karibu asilimia 5, mfano kutoka 100 hadi 95 au 96. Kwa namba za kiasi, ni kushuka asilimia 10, mfano kutoka 100 hadi 90. Haya ni makadirio ya kuanzia. Rangi ya plagi ndiyo itakayokata shauri.

Fuata hatua hizi kwa mpangilio:

1. Osha chujio la hewa. Sponji iliyojaa vumbi la Januari inanyima injini hewa na kukupa dalili zilezile za jeti kubwa. Ioshe kwa maji ya sabuni, ikaushe, ipake oili kidogo, ikamue. Huenda skuta ikapona hapohapo.

2. Weka plagi mpya ya namba iliyoandikwa kwenye kitabu.

3. Funga bomba la petroli, toa kabureta, fungua bakuli la floti. Soma namba ya jeti iliyomo na uilinganishe na ya kitabu. Mwenye skuta aliyekutangulia huenda aliishaibadilisha. Usipunguze juu ya upungufu.

4. Nunua jeti mbili: ya makadirio, na moja iliyo katikati ya hiyo na ya zamani. Anza na ya katikati. Petroli ikizidi inakuchafulia plagi. Ikipungua inakuvunjia injini.

5. Tafuta barabara tupu na tambarare, asubuhi mapema ya Jumapili. Uganda Road si mahali pa jaribio hili. Injini ikiwa moto, fungua resi yote kwa mita mia chache. Kisha, bila kupunguza resi, zima swichi na kushika klachi kwa wakati mmoja, uache skuta iserereke mpaka pembeni. Ya mkanda haina klachi ya mkono. Zima na kufunga breki taratibu.

6. Vaa glavu, toa plagi, tazama kauri ya ndani. Rangi ya chai ya maziwa iliyokolea ndiyo unayoitaka. Nyeusi na yenye unyevu: petroli bado imezidi, jaribu jeti inayofuata. Nyeupe au yenye vipele: petroli imepungua, rudisha jeti kubwa kabla ya kwenda popote.

7. Skuta ikiwa nzuri kwa resi kubwa lakini inakohoa kwa resi ya katikati, angalia sindano ya kabureta kama ina mikato. Kuhamisha klipu mkato mmoja juu kunashusha sindano na kupunguza petroli.

8. Mwisho, mlio wa chini. Funga skrubu ya hewa taratibu mpaka mwisho bila kuikaza, kisha ifungue mzunguko mmoja na nusu. Injini ikiwa moto, izungushe robo kwa robo mpaka mlio uwe wa juu na ulio sawa, kisha ushushe mlio kwa skrubu ya resi.

Tahadhari: jeti haitobolewi kwa msumari wala kupunguzwa kwa risasi. Hata kuisafisha kwa waya wa chuma kunaipanua. Ipulize kwa upepo, au pitisha unywele mmoja wa brashi ya nailoni.

Asubuhi ya baridi, bado utahitaji choki dakika moja hivi hata kabureta ikiwa imepimwa vizuri. Hilo si kosa. Kosa ni kuisahau choki ikiwa imevutwa mpaka ufike kazini.

KUSHUKA BONDENI: SOMA KABLA YA SAFARI

Jeti ya Eldoret ni ya Eldoret. Kutoka Iten, takriban mita 2,400, barabara ya Kabarnet inateremka zaidi ya mita 1,000 kupitia Tambach hadi Bonde la Kerio. Njia ya Kapsabet na Chavakali inakupeleka Kisumu, ambako ni mita 1,130 hivi. Kote huko hewa inaongezeka uzito huku jeti yako ikitoa petroli ileile, na bondeni kuna joto juu yake. Hapo ndipo pistoni hushika.

- Beba jeti ya zamani, bisibisi na spana. Kama utaendesha chini kwa siku kadhaa, ibadilishe ukifika.
- Kama ni kwenda na kurudi, usifungue resi yote kwa muda mrefu ukiwa chini.
- Kwenye mteremko mrefu, usiache gia ishikilie skuta huku resi imefungwa kabisa. Resi ikifungwa, petroli haiingii, na oili pia haiingii, ilhali pistoni inazunguka kwa kasi. Kila baada ya sekunde chache shika klachi na upige resi fupi.
- Kwa sababu huwezi kutegemea injini ikuzuie, mzigo wote uko kwenye breki. Zikianza kunuka au mkono kuwa laini, simama zipoe.
- Mlio ukibadilika ghafla na nguvu ikapotea, shika klachi papo hapo, zima, ingia pembeni. Injini iliyoshika inafunga gurudumu la nyuma. Vidole viwili viwe juu ya klachi muda wote wa mteremko.

Plagi na cheche

Plagi ina namba ya joto. Kwa NGK, namba kubwa ni plagi ya baridi zaidi. Kwa Bosch ni kinyume. Kwa hivyo usilinganishe namba za kampuni mbili tofauti bila jedwali. Baki na namba ya kitabu. Wanaoweka plagi ya moto zaidi ili isilowe wanaficha tatizo la kabureta, na siku petroli ikipungua itatoboa pistoni. Pengo liwe milimita 0.6 au ilivyoandikwa. Funga plagi mpya kwa mkono mpaka igote, kisha nusu mzunguko kwa spana, basi. Kichwa cha silinda ni alumini na meno yake huvunjika upesi.

Kama Vespa yako bado inatumia platini, kuibadilisha iwe ya kielektroniki ya volti 12 ni uboreshaji mzuri kuliko mwingi unaouzwa kwa jina hilo. Cheche inakuwa thabiti, na unapata taa bora. Si kazi ya bei ndogo, lakini ukiifanya mara moja imekwisha.

Taa

Anayeendesha kutoka Eldoret kuelekea Iten kabla ya jua kuchomoza anajua kwamba barabara ile si ya magari pekee. Wanariadha wanakimbia kwa makundi gizani, wengi wakiwa na nguo za rangi nzito, pamoja na watoto wa shule na punda wa maji. Taa ya skuta ya volti 6 inaonyesha skuta ilipo, haionyeshi aliye mbele yake. Kwa hilo peke yake, taa inastahili pesa kabla ya ekzosi.

1. Jua kwanza skuta ni ya volti 6 au 12. Imeandikwa kwenye kichwa cha balbu na kwenye betri.

2. Anza na waya wa ardhi. Kwangua kutu pale unapofungwa kwenye bodi, ufunge tena. Taa hafifu nyingi hupona hapo.

3. Kabla ya kununua balbu ya LED, jua kama taa yako inapata umeme wa betri au wa moja kwa moja kutoka kwenye magneto. Wa magneto hupanda na kushuka na resi. LED ya kawaida itapepesa na kuungua. Nunua iliyoandikwa AC, au ufungiwe rektifaya na betri ndogo.

4. Elekeza taa chini. Ukisimama mita 5 kutoka ukutani, mwanga mkali uwe chini kidogo ya urefu wa taa yenyewe.

5. Bandika utepe wa kuakisi: mwekundu nyuma, mweupe mbele, ubavuni pia. Ni senti chache na hauhitaji umeme.

Sasa mwendo

Skuta ikishasimama vizuri, ikapumua na kuonekana, unaweza kuitafutia wepesi wa kupanda. Njia mbili ndizo ninazoziamini.

Kwa skuta ya mkanda, badilisha rola za variata. Rola nyepesi huiacha injini izunguke kwa kasi zaidi kabla variata haijabadilisha uwiano, na hiyo inafaa injini iliyopungukiwa nguvu kwa urefu wa mji. Shuka asilimia 10 hivi ya uzito, si zaidi. Ukipitiliza, injini italia sana bila kwenda. Hapohapo futa vumbi ndani ya kasha, pima upana wa mkanda kwa kulinganisha na kikomo cha kitabu, na usipake oili popote mkanda unapogusa.

Kwa ya cheni, sproketi ya mbele iliyopungua jino moja inatosha. Utapanda mlima kwa gia ambayo zamani ilikushinda, na utapoteza kilomita chache kwenye kasi ya mwisho. Kwa barabara za hapa hiyo ni biashara nzuri.

Ekzosi usiikate wala kuitoboa. Umbo lake la ndani hurudisha wimbi la mgandamizo linalozuia mchanganyiko mpya usitoroke nje ya silinda kabla ya kuungua. Ukiikata unapata kelele na kupoteza nguvu, na kelele yenyewe inakuweka upande mbaya wa kanuni za kelele za mwaka 2009 zinazosimamiwa na NEMA. Isafishe badala yake. Kila baada ya kilomita elfu chache itoe, shusha pistoni chini kabisa, na kwangua masizi kwenye mlango wa kutolea moshi kwa kijiti cha mti. Chuma kitakwaruza silinda. Skuta nyingi zilizosemwa kuwa zimechoka zilikuwa zimeziba tu. Kama utatumia soda kali kuosha ekzosi ya chuma, vaa glavu na miwani, na usiiruhusu iguse alumini, kwa maana inaila.

Kuhusu silinda kubwa, niwe wazi: inahitaji jeti mpya, klachi imara zaidi na breki bora. Gharama ya hayo yote kwa pamoja inaweza kufika bei ya skuta nyingine. Siipendekezi kwa skuta ya kwenda kazini.

UKAGUZI WA ASUBUHI
□ Oili: kiwango, au mchanganyiko uliopimwa
□ Breki zote mbili, ukisukuma skuta kwa mkono
□ Upepo wa tairi, kwa macho kila siku, kwa kipimo kila wiki
□ Taa ya mbele, ya nyuma na ya breki
□ Resi inarudi yenyewe ukiiachia, usukani ukiwa umekatwa kushoto na kulia
□ Harufu ya petroli au unyevu chini ya kabureta
□ Helmeti na jaketi la kuakisi, lako na la abiria

Kuhusu makaratasi, usilipe kabla ya kulinganisha namba ya chasisi na ya injini na logbook, na uhamisho ufanywe kwa NTSA mbele ya macho yako. Skuta hizi zimebadilishwa injini mara nyingi. Ukibadilisha injini au rangi mwenyewe, rekodi ya logbook nayo ibadilishwe, la sivyo polisi au bima watakuuliza siku usiyoitaka.

Mwisho, chukua kipande cha karatasi ngumu na kalamu isiyofutika. Andika namba ya jeti kuu iliyomo sasa na ya zamani, mkato wa klipu ya sindano, namba ya plagi, uwiano wa oili, uzito wa rola na tarehe uliyosafisha ekzosi. Ifunge kwa plastiki uibandike chini ya kiti. Fundi atakayeifungua skuta hiyo baadaye hatakuwa na kitabu chake, na karatasi hiyo ndiyo itakayomzuia asirudishe jeti ya pwani.